Mwanaume Anayekula kwa Kujificha

John Prescott alipofika kwa daktari bingwa alikoelekezwa, alikuta chumba cha kungojea kimejaa wasichana. Mwanaume alikuwa yeye peke yake. Alikuwa mtu mzima, mpana wa mabega na mzito wa sauti, mtoto wa mfanyakazi wa reli, aliyeanza maisha kama mhudumu wa melini, akapanda ngazi za chama cha mabaharia hadi kufika Bungeni. Kuanzia 1997 hadi 2007 ndiye aliyekuwa Naibu Waziri Mkuu wa Uingereza chini ya Tony Blair. Waingereza walimjua kwa ubabe: katika kampeni za 2001 mtu mmoja alimpiga yai kwa karibu, naye papo hapo akamrudishia ngumi mbele ya kamera. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuwa akila kwa siri mpaka tumbo linauma, kisha anaingia chooni kujitapisha.

Aliyasema hayo mwenyewe Aprili 2008, kitabu cha maisha yake kilipokuwa kinatoka. Alieleza jinsi alivyokuwa akimaliza kazi usiku, amechoka na kichwa kimejaa mambo, akabugia chochote kilichokuwepo: baga, chipsi, chokoleti, biskuti, hata maziwa mazito ya kopo, anayanywa kopo zima. Chakula kilimtuliza kwa muda mfupi. Kisha ikaja aibu, na aibu ndiyo iliyomsukuma chooni. Mkewe, Pauline, aliziona dalili chooni, akajua. Ugonjwa huo huitwa bulimia. Baada ya kuutaja hadharani, wapo waliomshukuru, na wapo walioandika kwa dhihaka wakiuliza mtu mnene kiasi kile ana bulimia gani.

Swali hilo linaonyesha jinsi ugonjwa huu usivyoeleweka. Mara nyingi bulimia haimkondeshi mtu. Kutapika hakuondoi chakula chote kilicholiwa, na njaa inayofuata humrudisha mgonjwa kwenye chakula kabla hata hajatulia. Ndiyo maana wengi wenye bulimia wana uzito wa kawaida au zaidi ya kawaida, na ukikutana nao barabarani huwezi kuwatambua. Wanachopoteza hakionekani kwa macho. Chumvi za damu hupungua, hasa potasiamu, ambayo ikishuka sana mapigo ya moyo huvurugika na mtu anaweza kufa ghafla. Asidi ya tumbo hula tabaka gumu la nje la meno. Koo huumia, usingizi hupotea, na siri yenyewe humchosha mtu kuliko kazi.

Naandika haya kwa ajili ya wanaume wa kwetu, kwa sababu naamini wapo wengi wanaoteseka hivi bila kuwa na jina la kuyaita mateso yao. Wanadhani ni ulafi. Wanadhani ni udhaifu wa nia. Kwa hiyo wanajibana zaidi, na kadiri wanavyojibana ndivyo wanavyoangukia zaidi kwenye chungu usiku. Ninachotaka kusema ni hiki: mwanaume anayejificha kula haponi kwa kubanwa. Anapona kwa kula kwa saa zake, waziwazi, mpaka mwili wake uamini tena kwamba chakula kipo.

Mvulana aliyesahaulika

Wanaume hawakuwahi kukosekana katika historia ya magonjwa haya. Mwaka 1689 daktari wa London, Richard Morton, alichapisha kitabu kuhusu magonjwa ya kukonda, na ndani yake akaeleza wagonjwa wawili ambao wataalamu wa leo huwahesabu kuwa miongoni mwa wa kwanza kuandikwa wa anoreksia, ugonjwa wa mtu kujinyima chakula mpaka akadhoofika. Mmoja alikuwa msichana wa miaka 18. Wa pili alikuwa mvulana wa miaka 16, mtoto wa mchungaji, ambaye Morton aliona amedhoofishwa na masomo mengi na fadhaa ya moyo. Msichana alizikataa dawa, akafa. Mvulana aliagizwa aache vitabu, aende shamba kwenye hewa safi, apande farasi na anywe maziwa. Akapata nafuu kubwa.

Karibu miaka 200 baadaye, mwaka 1873, Sir William Gull aliwasomea madaktari wenzake wa London maelezo yaliyoupa ugonjwa huo jina lake la sasa. Naye alisema kwamba ameuona kwa wanaume pia, ingawa mara chache. Mwaka 1979 Gerald Russell alipoieleza bulimia kwa mara ya kwanza kama ugonjwa unaojitegemea, alikuwa na wagonjwa 30, na wawili kati yao walikuwa wanaume. Kila mara mwanaume yupo. Kila mara anatajwa pembeni, kisha anasahaulika.

Kusahaulika huko kuliingia hadi kwenye vipimo. Mwongozo wa magonjwa ya akili unaotumiwa na madaktari wa Marekani, na ambao nchi nyingi huuangalia, kwa miaka mingi ulitaja kukatika kwa hedhi kuwa moja ya masharti ya kumtambua mgonjwa wa anoreksia. Mwanaume angelitimizaje sharti hilo? Lilikuja kuondolewa mwaka 2013, katika toleo la tano. Toleo hilohilo ndilo lililotambua rasmi ugonjwa wa kufakamia chakula bila kujitapisha, ambao miongoni mwa wanaume ndio unaoonekana zaidi kuliko mwingine wowote wa jamii hii. Maana yake ni kwamba wanaume wengi waliokuwa wakiugua kabla ya mwaka huo hawakuwa na mahali kamili pa kuandikwa.

Leo shirika la Beat la Uingereza, linalowasaidia wagonjwa hawa, hukadiria kwamba nchini humo wapo watu wapatao 1,250,000 wenye matatizo ya aina hii, na kwamba karibu robo yao ni wanaume. Robo si pembeni.

Mmoja wao ni Andrew Flintoff, ambaye mashabiki wa kriketi humwita Freddie. Mwaka 2005 alikuwa shujaa wa England ilipoifunga Australia katika mashindano ya Ashes, mfululizo wa mechi ambao Waingereza walikuwa wameungoja ushindi wake tangu miaka ya 1980. Alikuwa mrefu, mwenye nguvu, akirusha mpira kwa kasi ya kutisha. Lakini miaka michache kabla ya hapo magazeti na mashabiki walikuwa wakimcheka kwamba ni mnene, naye akaanza kujitapisha baada ya kula. Akaona uzito unashuka, mchezo unapanda, sifa zinakuja. Hakuna aliyejua gharama yake. Alisimulia kwa kirefu katika filamu ya BBC mwaka 2020, akiwa amestaafu kriketi zamani, na akakiri kwamba alikuwa bado hajawahi kutibiwa.

Katika kisa cha Flintoff kuna jambo linalonigusa kuliko umaarufu wake. Dhihaka ilitoka kwa watu waliodhani wanataniana na mwanaume imara, asiyeumia. Na sifa zilipokuja, zilikuja kwa ajili ya ugonjwa. Kila aliyempongeza kwa kupungua alikuwa akiusukuma ugonjwa mbele bila kujua.

Miezi sita ya njaa

Ili kuelewa kwa nini kujibana hakusaidii, inabidi twende katika jaribio lililofanywa kwa wanaume peke yao.

Novemba 1944, Vita Kuu ya Pili ikielekea ukingoni, vijana 36 wa Kimarekani waliingia katika maabara ya Chuo Kikuu cha Minnesota, iliyokuwa chini ya majukwaa ya uwanja wa michezo. Walikuwa wamekataa kushika silaha kwa sababu ya dini au dhamiri, na serikali ikawapa kazi nyingine za kiraia. Hii walijitolea wenyewe. Ulaya ilikuwa na mamilioni ya watu wenye njaa, na hakuna aliyejua kwa hakika namna nzuri ya kuwarudishia afya watu waliokaa na njaa muda mrefu. Ancel Keys, mtaalamu wa fiziolojia, alitaka kujua. Vijana walichaguliwa kwa uangalifu: wazima wa mwili, watulivu wa akili, watu wa kujitawala.

Kwa miezi mitatu ya kwanza walikula kawaida. Kisha, kwa majuma 24, wakapewa karibu nusu ya chakula walichozoea, mara mbili kwa siku: viazi, mboga za mizizi, mkate mweusi, makaroni. Wakati huohuo walitakiwa kutembea kilomita 35 kila wiki. Walipoteza takriban robo ya uzito wao.

Kukonda kulitarajiwa. Kilichowashangaza watafiti ni yaliyotokea kichwani. Chakula kilijaa katika mawazo ya vijana wale mpaka mambo mengine yakakosa nafasi. Waliokuwa wakijadili siasa na amani ya dunia wakaanza kujadili mapishi. Walinunua vitabu vya mapishi na kuvisoma usiku. Kwenye sinema waliangalia watu wanakula nini, wasijali hadithi. Mlo mmoja waliuvuta hata kwa muda wa saa mbili, wakichanganya hiki na kile, wakiongeza maji ili uonekane mwingi, wakilamba sahani. Walitafuna jojo na kunywa kahawa na chai mfululizo hadi ikabidi wawekewe kikomo. Hamu ya mapenzi ilizimika. Wakawa na hasira za karibu, wakajitenga, wakawa na huzuni. Mmoja alivunja masharti, akala kwa siri mjini, akalemewa na alichokifanya, akatolewa katika utafiti. Mwingine, katika kipindi cha kurudishiwa afya, alijikata vidole vitatu kwa shoka, na baadaye mwenyewe hakuweza kusema kwa hakika kama ilikuwa ajali au alikusudia.

Kisha chakula kikaachiliwa. Mtu angedhani wangekula, washibe, waendelee na maisha. Haikuwa hivyo. Wengi walikula viwango vikubwa mno, tumbo likajaa mpaka likauma, na bado wakasema wana njaa. Mmoja alipelekwa hospitali kwa sababu ya kula kupita kiasi. Uzito uliporudi ulirudi kwanza kama mafuta, hasa tumboni na makalioni, kabla ya misuli, na baadhi yao wakaanza kulalamika kwamba wamenenepa, watu ambao awali hawakuwahi kujali umbo lao. Waliohojiwa miongo mingi baadaye walisema ilichukua kati ya miezi miwili na miaka miwili mpaka wajisikie sawa.

Vijana wale hawakuwa na bulimia wala hawakukichukia kioo. Walikuwa na njaa, basi. Njaa peke yake iliwafanya watu watulivu wafakamie, wafiche, wajione wanene, wawaze chakula usiku na mchana. Keys na wenzake waliyachapisha matokeo mwaka 1950 katika kitabu cha majuzuu mawili, na madaktari wanaotibu magonjwa ya kula wamekuwa wakikirudia mpaka leo kwa sababu kinawapa jibu la kumpa mgonjwa anayejilaumu. Anayeshinda na kahawa tupu hadi jioni, kisha usiku akamaliza sufuria, hajashindwa na tabia yake. Mwili wake umefanya kile ambacho mwili wa mtu yeyote aliyenyimwa hukifanya.

Ningependa kila mwanaume anayejichukia kwa sababu ya anachokula usiku ausikie mkasa huu wa Minnesota.

Kitambi, ukondefu na vyuma

Kwetu Afrika Mashariki mwili wa mwanaume umebebeshwa maana zinazogombana. Kitambi kilikuwa, na kwa wengi bado ni, ushahidi kwamba mambo yanakwenda. Mwanaume akioa na akanenepa, watu husema ndoa imemkubali. Akikonda, huulizwa ana matatizo gani, na jicho humgeukia mkewe: humlishi mumeo? Mwili wake unakuwa cheti cha nyumba nzima.

Ukondefu nao una historia yake nzito. Mwaka 1985 madaktari waliowachunguza wagonjwa wa wilaya za Rakai na Masaka, kusini mwa Uganda, waliueleza ugonjwa mpya uliokuwa ukiwakondesha watu hadi kufa, ambao wananchi walikuwa wameshaupa jina la Kiingereza la ukondefu, slim. Ulikuwa Ukimwi. Kwa miaka mingi baada ya hapo, kuanzia Bukoba hadi Kisumu, mwanaume aliyepungua kilo chache alijua kwamba watu wananong'ona. Kizazi cha waliokuwa vijana wakati ule kilijifunza kuogopa mifupa yake yenyewe, na wengine walikula kwa hofu ili tu waonekane wazima. Sijaona hofu hiyo ikizungumzwa ipasavyo, na naamini bado imekaa katika jinsi tunavyomwambia mtu "umenawiri" tukimaanisha umenenepa, nasi tukidhani tumempa zawadi.

Halafu kuna utani. Mtoto wa kiume shuleni akiwa mwembamba ni kimbaumbau mwiko wa pilau, akiwa mnene ni bonge au tipwatipwa. Majina hayo hubaki hadi ukubwani, kazini, kijiweni, kwenye harusi. Msichana akiitwa hivyo, angalau shangazi mmoja atakemea. Mvulana hutarajiwa acheke pamoja nao. Anajifunza kucheka, na anajifunza kuoga akiwa amefunga mlango, kutovua fulana ufukweni, kula kidogo mbele za watu na kula kweli akiwa peke yake.

Katika miaka ya karibuni limeongezeka shinikizo jingine. Elimu ya kisukari na shinikizo la damu imefika kila mahali, na ni elimu ya lazima. Nchini Tanzania Profesa Mohamed Janabi, bingwa wa moyo aliyeongoza Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na baadaye Hospitali ya Taifa Muhimbili, aliwafanya watu wa kawaida wajadili wanga, sukari na ukubwa wa kiuno daladalani na misibani. Huo ni utumishi mkubwa. Ila ushauri wa kupunguza milo unamfaa mtu ambaye shida yake ni mazoea. Mwanaume ambaye tayari anajinyima mchana na kufakamia usiku, akiusikia ushauri uleule, huuchukua kama fimbo mpya ya kujichapia. Huyo anahitaji daktari wa kukaa naye na kumsikiliza, kabla hajaanza mfungo wowote wa kupunguza mwili.

Na jimu zimejaa. Nazipenda, zimewatoa vijana wengi kwenye mambo ya hovyo, zikawapa nidhamu na marafiki. Lakini humo pia mna ugonjwa unaojificha nyuma ya afya. Mwaka 1993 Harrison Pope na wenzake wa Hospitali ya McLean, Massachusetts, walieleza hali waliyoiona kwa wanyanyua vyuma: wanaume wenye misuli mikubwa kabisa ambao kila wakijitazama walijiona wembamba na dhaifu, wakajifunika kwa nguo pana hata kwenye joto. Ilikuwa anoreksia iliyogeuzwa. Baadhi waliacha kazi zao na wapenzi wao ili wasikose zoezi wala mlo wa saa fulani. Pope na wenzake walipima hata wanasesere wa kijeshi wanaochezewa na wavulana wa Marekani. Wakikadiria mwanasesere angekuwa na urefu wa mtu mzima, mkono wake ulikuwa kama wa mwanaume wa kawaida katika miaka ya mwanzo ya 1970. Kufikia 1998 mmoja wao angekuwa na mkono wenye mzingo wa karibu sentimeta 68, ambao mwanaume wa kawaida hawezi kuufikia. Mvulana anayekua na sanamu hiyo mkononi, au leo na simu inayomwonyesha mabaunsa kutwa, anajipima kwa kipimo kisichokuwepo duniani. Baadaye anashawishiwa kuchoma sindano za homoni zinazotia misuli, na haambiwi kwamba zinaweza kusinyaza korodani, kuharibu mbegu za uzazi na kuudhoofisha moyo.

Wanamichezo wana hatari yao pia. Mwishoni mwa 1997, katika muda wa kama mwezi mmoja, wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walikufa wakijikausha maji ili waingie katika uzito wa pambano. Bondia yeyote wa Dar es Salaam au Nairobi anajua siku za mwisho kabla ya kupima uzito zinavyokuwa. Na mwaka 2014 Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa ilitoa tamko lililopanua jambo ambalo awali lilihesabiwa la wanawake tu: mwanariadha wa kiume asiyekula kiasi cha kutosha kulingana na mazoezi yake naye hushuka homoni, mifupa yake hupasuka kwa urahisi na moyo wake huathirika. Makocha wa mbio ndefu wa Iten na wa Mbulu wanapaswa kulijua hilo kama wanavyojua saa zao za kupimia mbio.

Saa za kula

Tiba ipo, na ndiyo sehemu ya habari hii ninayotamani isambae kuliko zote.

Christopher Fairburn, daktari wa akili wa Chuo Kikuu cha Oxford, alitumia miongo kadhaa kujenga tiba ya mazungumzo kwa watu wenye bulimia na wenye kufakamia, na imepimwa kuliko nyingi za aina yake. Haianzi kwa kuchimba utoto wa mgonjwa wala kwa kumhubiria. Inaanza na daftari. Mgonjwa anaandika alichokula, saa ngapi, wapi, na alijisikiaje wakati huo, papo hapo, asingoje jioni. Baada ya siku chache mchoro unajitokeza wenyewe: asubuhi hakuna kitu, mchana kitu kidogo, kisha kuanzia saa mbili usiku kurasa zinajaa.

Hatua inayofuata huwatisha wanaume wengi, maana inakwenda kinyume na yote waliyojiambia. Wanatakiwa kula. Milo mitatu kwa siku na vitafunwa viwili au vitatu katikati, kwa saa zilizopangwa, pasipite muda wa zaidi ya kama saa nne kabla ya kula tena, hata kama jana usiku walifakamia. Hasa kama walifakamia. Kuruka mlo ili kulipia kosa ndiko kunakoliandaa kosa la pili. Mizani inatumiwa mara moja tu kwa wiki. Polepole vyakula vilivyopigwa marufuku vinarudishwa kwenye sahani, kwa kiasi, mpaka vinakuwa chakula tu. Kwa wengi, mafakamio yanaanza kupungua ndani ya majuma ya mwanzo, kabla hata mambo mazito ya moyoni hayajaguswa. Wapo wanaohitaji dawa pia. Fluoxetine, dawa ya sonona, husaidia baadhi ya wagonjwa wa bulimia, kwa maelekezo ya daktari.

Ukiitazama vizuri, ratiba hiyo si ngeni kwetu. Chai ya asubuhi na kiporo au chapati, chai ya saa nne yenye maandazi, chakula cha mchana, kitu kidogo alasiri, chakula cha usiku. Bibi zetu walikuwa na saa hizo kabla ya Oxford. Haraka ya mjini ndiyo iliyozivunja, pamoja na foleni, na fahari ya mwanaume kusema "sijaweka kitu tumboni tangu asubuhi" kana kwamba ni ushujaa. Sinia nalo lina faida yake: anayekula na wenzake hali kwa siri. Kwa anayeanza kupona, hata hivyo, mikono mingi kwenye sinia moja inaweza kumtia hofu ya kushindwa kujua amekula kiasi gani, na familia ikimpakulia sahani yake pembeni haijavunja heshima ya mtu.

Wasomaji Waislamu watauliza kuhusu Ramadhani. Mgonjwa ameruhusiwa na Kurani yenyewe asifunge, na magonjwa haya ni magonjwa. Kwa mtu mwenye historia ya kujinyima na kufakamia, kufunga mchana na futari kubwa usiku kunaweza kumrudisha alikotoka. Azungumze na daktari wake na shehe anayemwamini kabla mwezi haujaandama, wala asione aibu kulipa au kutoa fidia kama atakavyoelekezwa.

Kwa mke, ndugu au rafiki anayeshuku: angalia dalili kama kwenda chooni mara tu baada ya kula, mashavu yaliyovimba karibu na masikio, makovu kwenye vifundo vya vidole, meno yanayolika, chakula kinachopotea usiku, mazoezi yasiyokoma hata akiwa mgonjwa. Usimkabili mezani. Usiutaje mwili wake, wala kwa kusifu. Mwambie ulichokiona, mwambie unamhofia, kisha usubiri. Pengine hatajibu siku hiyo. Kizunguzungu cha kuanguka, moyo kwenda mbio au kuruka mapigo, au kutapika damu ni dharura ya kwenda hospitali usiku huohuo.

Vinginevyo aanze na daktari wa kawaida katika kituo cha karibu, apimwe damu na moyo, kisha aombe rufaa ya idara ya afya ya akili. Tanzania huduma hiyo ipo Muhimbili na katika Hospitali ya Mirembe, Dodoma. Kenya ipo Mathari, Nairobi, na katika hospitali nyingine kubwa. Si lazima ajue jina la ugonjwa. Akisema, "Daktari, nakula kwa siri, siwezi kuacha, na baadaye najitapisha," amesema yote yanayohitajika kuanzia. Akishindwa kuyatamka, ayaandike kwenye karatasi na kuiweka mezani. Na kama mhudumu atakayempokea atashangaa kumwona mwanaume, asigeuke kurudi nyumbani. Aombe kuonwa na mwingine.